Msafiri Asiyeweza Kusimama

Tarehe 3 Februari

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeumba mbali na karibu, na vyote viwili Kwake ni sawa.

Kwa mwanangu mpendwa, kitinda mimba wangu. Amani ikufikie kabla ya wino huu, ikukute umeamka na afya, na ikuzungukie wewe na wote unaofanya nao kazi. Sisi huku tuko salama. Shangazi yako anakusalimu, na ameniamuru niandike kwamba salamu zake ni nyingi kuliko zangu.

Ama baada ya salamu. Simu nimeiachia habari za afya na hali ya hewa. Hesabu haisemwi kwenye simu, huandikwa. Ulisema kwamba mwaka huu, Mungu akipenda, utakuja, ukaniomba nikutengenezee jedwali la nyakati za sala za safari yenyewe, kama ninavyowatengenezea watu wa msikiti wetu kwa miaka arobaini sasa. Ombi hilo lilinifurahisha hata shangazi yako akaniuliza nimeokota nini.

Nimeanza na masafa. Tufe la dunia lililo mezani kwangu lina mzunguko wa sentimita mia moja kamili, na dunia yenyewe ni kilomita elfu arobaini. Basi kila sentimita ni kilomita mia nne. Nimeuvuta uzi kutoka uwanja wa ndege wa kwenu mpaka wa kwetu, nikaupima mara tatu: sentimita ishirini na nne na nusu. Hizo ni kilomita elfu tisa na mia nane. Ndege kubwa hukata kilomita mia tisa kwa saa. Jibu ni muda wa saa kumi na moja kasoro dakika saba.

Nililipiga tena, likawa lile lile. Miaka kumi na miwili hatujaonana, mwanangu, na kumbe kati yetu haupo hata mchana mmoja mzima!

Chumba chako kimepakwa rangi. Shangazi yako anasema ni rangi ya maziwa, mimi naiona ya kijivu, tumeacha kubishana. Niandikie siku na saa ya kuondoka ili nimalize jedwali.

Mungu akulinde katika kusimama kwako na kukaa kwako.

Baba yako

*

Tarehe 21 Februari

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Barua yako imefika. Nimeisoma kazini, nimejibanza nyuma ya mashine ya kunyooshea mashuka, na wenzangu wakaniuliza nani amenichekesha. Nikawaambia baba yangu amenipima kwa uzi.

Baba, samahani, uzi wako haupiti njia ya ndege. Hakuna ndege inayokuja moja kwa moja. Nimemuuliza karani wa tiketi: unaruka muda wa saa saba, unateremshwa kwenye uwanja wa nchi nyingine, unakaa hapo saa sita kwenye viti vya chuma, halafu unaruka tena saa saba. Jumla ni saa ishirini. Na wanataka ufike uwanjani saa tatu kabla.

Nafikiria tarehe 10 Mei. Kile kikohozi nilichokutajia kimepungua. Ni vumbi la nyuzi na dawa za kufulia tu. Hospitali hii ina vitanda mia nane, na kila shuka lazima lipite mikononi mwetu, kwa hiyo tunakohoa wote kama kwaya.

Nina swali la dini. Msafiri anapunguza na kukusanya sala, hilo ulinifundisha. Je, msafiri asiyeweza kusimama? Viti vya ndege vimebana sana, Baba, na njia ya katikati ni nyembamba. Akiswali amekaa, sala yake inapungua thamani?

Mbusu shangazi.

Mwanao, Kitinda

*

Tarehe 12 Machi

Kwa mwanangu mpendwa. Rehema za Mola ziwe juu yako asubuhi na jioni.

Usishangae kuona mwandiko wa shangazi yako. Nimejikata kidole cha kuandikia kwa wembe wa kuchongea penseli. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemkataza kuongeza neno lake.

Saa tisa zangu zimekwenda wapi? Nilipata kumi na moja, karani wako anasema ishirini. Shangazi yako anasema zile tisa zimeshuka njiani kunywa chai. Sikucheka. Nimeyapanga upya majedwali yote, kwa kuwa kituo cha katikati kina jua lake na mapambazuko yake. Jambo moja ulijue: utakuwa unakwenda kulipokea jua, basi mchana wako utakatika mfupi, na magharibi itakujia kabla hujaitarajia. Usiingoje. Ikikufikia, swali.

Kuhusu swali lako, nimelifurahia kama mwalimu afurahiavyo mwanafunzi mwenye adabu. Asiyeweza kusimama ataswali amekaa, atainama kwa kurukuu, na atainama zaidi kwa kusujudu. Thamani yake haipungui hata punje. Mwenyezi Mungu hamtwishi mja asichokiweza. Nimeagiza swali lako liandikwe katika daftari la wanafunzi, pamoja na jibu.

Tarehe 10 Mei inafaa. Mwezi utakuwa umeanza kupungua.

Mungu akulinde katika kukaa kwako.

Baba yako

*

Tarehe 30 Machi

Baba yangu, shikamoo.

Pole ya kidole. Tangu lini wewe ukachonga penseli kwa wembe?

Tarehe 10 Mei haitawezekana. Msimamizi wetu amesema watu ni wachache, tusogeze mpaka Juni. Usikasirike. Majedwali ya Mei nimeyabandika ukutani karibu na kitanda changu, nayasoma. Ninajua saa ambayo ningekuwa juu ya bahari, na saa ambayo ningekuwa kwenye vile viti vya chuma.

Nina maswali mawili. La kwanza: msafiri asiyeweza kufika kwenye maji, au maji yakimgusa yanamdhuru, atafanyaje? La pili: asiyeweza hata kukaa. Kama amelala tu, Baba. Anaswali vipi, na uso wake aelekeze wapi?

Nijibu kwa kirefu. Napenda unaponijibu kwa kirefu.

Mwanao, Kitinda

*

Tarehe 17 Aprili

Kwa mwanangu mpendwa. Mola akuongoze na akuepushe na usumbufu wa wasimamizi.

Juni si mbali. Nimeanza hesabu mpya. Zile za Mei zitupe, jedwali la siku iliyopita humpotosha mtu.

Umeomba kirefu, nami nimekaa nalo siku mbili. Asiyeweza kutumia maji atatayamamu kwa udongo safi; funga udongo kidogo kwenye kitambaa, uweke mkobani. Asiyeweza kukaa ataswali amelala ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Asipoweza ubavu, atalala chali, miguu yake ikielekea kibla na kichwa kimeinuliwa kidogo kwa mto. Atarukuu kwa ishara ya kichwa. Kichwa kikimshinda, kwa kope za macho. Kope zikimshinda, atayapitisha maneno na matendo ya sala moyoni mwake, na hiyo ni sala kamili. Maadamu akili ipo, mlango huo haufungwi.

Sasa nikuonye kama mzazi. Nilijiuliza: ni abiria gani anayelala ndani ya ndege? Nikaulizia msikitini, mfanyabiashara mmoja akanieleza kwamba kuna viti vya matajiri vinavyokunjuka vikawa vitanda, na anayevilalia huletewa mto na soksi. Mwanangu, huo ni ubadhirifu. Wewe ni mnyoosha mashuka, si binti wa mfalme. Saa ishirini si nyingi. Kaa kwenye kiti kama watu wengine, ukija utalala kitandani kwako.

Baba yako

*

Tarehe 17 Aprili, bahasha nyingine

Mwanangu, we mtoto.

Shangazi yako huyu, safari hii kwa maneno yangu mwenyewe. Bahasha ya baba yako nimeifunga kama alivyosema, hata ile ya viti vya matajiri nimeiandika yote, kwa hasira na huruma. Kaka yangu amesoma vitabu mpaka vimemsoma yeye, lakini mtu akimwuliza swali, haangalii uso wa anayeuliza. Analitazama swali tu.

Mimi sijasoma. Nimeuguza mama, nimemuuguza mume wangu miaka minne. Asiyeweza kusimama. Asiyeweza maji. Asiyeweza kukaa. Huyo hasafiri, mwanangu. Huyo anaumwa. Niambie.

Nami nikuambie langu, tuwe sawa. Hakuna kidole kilichokatwa. Baba yako haoni. Tangu mwaka jana macho yalikuwa yanafifia, na mwezi wa pili yakazima kabisa, kama mtu aliyefunga dirisha. Barua ile ya kwanza ndiyo ya mwisho aliyoandika kwa mkono wake, na ilimchukua siku tatu. Majedwali anayatoa kichwani. Uzi ameupiga mafundo, anaupapasa kwa vidole, mimi naandika. Ameniapisha nisikwambie, eti utaacha kazi kwa ajili yake. Nimekula yamini, na sasa hivi naivunja. Mungu anisamehe, yeye ndiye anayejua nimeishi na mtu wa namna gani.

Andika jina langu juu ya bahasha, barua itafika mkononi mwangu.

Shangazi yako

*

Tarehe 4 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara moja tu, sikuweza mara ya pili. Baba yangu, mtu wa kupima vivuli, haoni! Na mimi huku namwomba kirefu!

Ni mapafu, Shangazi. Yanageuka kovu. Daktari anasema labda ni zile dawa na lile vumbi, labda si hivyo, na hata angejua haingebadilisha kitu. Kazini nimeacha tangu Januari. Nimelazwa hospitali hii hii. Nalalia mashuka niliyokuwa nayanyoosha, na nikiona mkunjo nawasema wenzangu, nao wananijibu, "Inuka uje unyooshe mwenyewe, mama mkubwa." Tunacheka mpaka nakosa pumzi, muuguzi anawafukuza.

Nilipoomba jedwali nilikusudia kuja kweli. Nilimuuliza daktari. Akasema kule juu hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi kama ya mlimani, na mapafu yangu hayatoshi hata kwa hewa ya hapa chini. Nina mrija puani mchana kutwa. Nikamwuliza, je, zingekuwa saa kumi na moja tu? Akasema hata mbili. Nikatoka pale nikiwa nimeshashika saa za baba kichwani, sikujua niziweke wapi.

Kwa hiyo nimeendelea kuuliza. Akinijibu, najua namna ya kuswali hapa kitandani. Sikuwa na mwingine wa kumwuliza, na nilitaka kusikia kwake. Usimwambie, Shangazi. Amekipaka rangi chumba. Acha angojee Juni, halafu nitasema Septemba.

Daktari hasemi Septemba.

Kitinda

*

Tarehe 23 Mei

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, anayesikia na asiyehitaji kuelezwa.

Kwa mwanangu. Shangazi yako hakunieleza kitu mpaka nilipojua mwenyewe; usimlaumu. Alikaa na siri mbili kifuani, yako na yangu, akipika na kufagia nazo, na mimi nilidhani amenuna.

Imekuwa hivi. Wiki iliyopita niliwakusanya wanafunzi kuwafundisha sala ya msafiri. Nikamwomba shangazi yako asome daftarini maswali yako yote kwa mfululizo, bila majibu yangu. Akasoma la kwanza: asiyeweza kusimama. Akasoma la pili: asiyeweza kugusa maji. Alipofika la tatu sauti yake ilikatika, nami nikasikia. Yakiwa mbalimbali nilikuwa nayajibu. Yalipofuatana, niliisikia ngazi, na mtu anaishuka. Nikawaambia wanafunzi waende nyumbani, kisha nikamwuliza shangazi yako, naye hakuweza tena kuficha.

Mwanangu, nimefundisha miaka arobaini kwamba mwenye kutoa jibu aulize kwanza ni nani anayeuliza na yuko katika hali gani. Ni mlango wa kwanza wa elimu hii. Mtu yeyote angenijia mlangoni na maswali yako matatu, ningempa kiti na maji, nikamwuliza, "Ndugu, nani mgonjwa?" Kwako sikuuliza. Nilikuwa napenda mno kuulizwa. Nikakuhukumu kwa ubadhirifu juu ya kitanda cha hospitali. Nimeomba msamaha kwa Mola wangu. Sasa nakuomba wewe.

Nami nilikuficha. Macho yangu yamezima. Sikutaka uyalilie ukiwa peke yako.

Huwezi kuja. Mimi naweza kuja. Shangazi yako alinipeleka kwa karani wa tiketi, kijana mpole, akaniuliza, "Mzee, una miaka sabini na tisa, huoni, na unabadilisha ndege. Unasafiri na nani?" Nikamwambia nasafiri na hesabu. Akacheka, akaniandikia kwamba watanisukuma kwenye kiti cha magurudumu kila ninaposhuka. Naondoka tarehe 11 Juni, nafika tarehe 12.

Nangojea kukusikia. Usijibu kwa barua, maana tutapishana angani.

Baba yako

*

Tarehe 20 Juni

Kwa dada yangu mpendwa, mlinzi wa nyumba yangu na wa siri zangu. Amani na rehema za Mola ziwe nawe.

Niko salama. Aniandikiaye ni Kitinda mwenyewe. Amekataa katakata nimwite mtu mwingine. Anaandika mistari mitatu, anapumzika, nami nangoja.

Safari ilikuwa ndefu. Katika ndege ya pili nilimuuliza mhudumu, binti wa watu, kama jua limetua. Akafungua kidirisha, akasema, "Bado, Babu, limeganda pale pale." Nikakumbuka kwamba safari hii nalifuata, silipokei, na kwamba sikujitengenezea jedwali langu mwenyewe. Nilimsumbua mara tano. Mara ya sita alikuja bila kuitwa, akaniinamia sikioni: "Babu, limekwenda."

Nilipoingizwa wodini hakuna aliyenionyesha kitanda. Nilisikia pumzi, nikaijua. Alipokuwa mchanga alikuwa akipumua hivyo akiwa na homa, mama yake akiwa hai. Nikasema, "Mama." Akasema, "Baba, umevaa viatu vya rangi mbili." Hayo ndiyo maneno ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili. Nakushukuru kwa kunivalisha.

(Shangazi, hapa Baba hakusema, ni mimi. Anashika mkono wangu kama mtu anayesalimia tu, lakini kidole kiko kwenye mshipa, anahesabu. Nikimwambia leo nina nafuu, anasema alhamdulillahi na kujifanya ameamini, nami najifanya nimeamini kwamba ameamini. Tumekuwa waongo wazuri sana sisi wawili. Sijawahi kuwa na furaha hivi. Nilitaka mtu mmoja ajue.)

Daktari amenieleza yote, na Kitinda ndiye aliyenifasiria, neno kwa neno, bila kuruka hata lile zito. Kila sala tunaswali pamoja, mimi nimekaa, yeye kwa kope. Siioni ishara yake, ila ananigonga kidole ninapotakiwa kuinuka

Tarehe 29 Juni

Dada yangu, kuanzia hapa mwandiko ni wa mwingine. Ni mwenzake wa kazini, mama mmoja anayejua lugha yetu, Mungu amlipe.

Kitinda ametutoka Alhamisi tarehe 25, alfajiri. Sote ni wa Mwenyezi Mungu, na Kwake tutarejea. Tulikuwa katika sala. Kidole chake kiligonga kwa ajili ya kurukuu, kikagonga kwa ajili ya kusujudu, nikangoja cha kuinukia. Niliendelea kungoja, dada yangu, zaidi ya inavyoruhusiwa.

Wanawake wa kufulia ndio waliomuosha na kumvika. Tumemzika hapa, sikuona haki ya kumpakia katika ndege aliyokatazwa na daktari. Nitarudi tarehe 8. Chumba usikifunge, wala usiwaite watu uwanjani. Njoo peke yako, unishike mkono.

Mama huyu, kabla hajaanza kuandika, alinisomea karatasi iliyobaki ili tujue tumeishia wapi. Akafika mahali, akasita. Akasema, "Mzee, hapa kuna mabano." Nilikuwa nimemwambia mwanangu aandike maneno yangu tu. Nikasema soma. Akasoma. Nikamwambia arudie, akarudia. Nikamwambia tena. Mara ya nne alinibembeleza, "Mzee, tutasoma kesho." Sijaamuru yafutwe. Ni yako, ameyaandika kwako, ila ukimaliza kuyasoma unitunzie, unisomee kila nitakapokuomba, na usinihesabie ni mara ngapi.

Mwenyezi Mungu akubariki wewe usomaye, ayabariki macho yako yanayosoma kwa niaba ya wengine, aibariki nyumba unayoifagia na kila aliye chini ya paa lake, awape wagonjwa wake pumzi nyepesi na walio mbali njia fupi. Amina.

Kaka yako

Kwa mkono wa mnyoosha mashuka